Nilivyowabandika chaza sumaku wanilindie maji

Niliposema nitabandika sumaku kwenye gamba la chaza ili nijue maji yanapoharibika, jamaa mmoja aliyesomea mambo ya bahari aliniambia naharibu gundi. Ushauri wake: ninunue mashine ya kupima maji kutoka nje, bei yake pikipiki nzima, au nitazame tu rangi ya maji. Hilo la rangi liliniudhi kweli. Rangi utaiona mchana. Mto huja usiku.

Hapa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, mito ni miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi. Mvua inaweza kunyesha huko juu Shimba Hills, sisi pwani tukaona nyota, na alfajiri ghuba imejaa maji baridi, yaani ya mto yasiyo na chumvi. Mwaka wa kwanza wa ufugaji, shangazi yangu alipoteza karibu nusu ya vikapu namna hiyo. Alipofika kwenye chelezo, chaza walikuwa wameachama, wananuka.

Mimi ni fundi simu, si mtaalamu wa bahari. Lakini nilikuwa nimesoma habari za Arcachon, Ufaransa, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Bordeaux na CNRS, taasisi ya utafiti ya taifa lao, huwafunga chaza nyaya nyembamba na kufuatilia kufunguka kwao mchana na usiku. Kule Warsaw, Poland, kome wanane wa maji baridi hulinda maji ya mji: maji yakichafuka hufunga magamba, na wakifunga kwa pamoja, mitambo inatoa tahadhari. Nikajiambia, kama kome wanane wanatosha mji mzima, wangu wanane watatosha chelezo cha shangazi.

Sumaku ndogo gamba la juu, sensa ya Hall, kidude kinachohisi sumaku, gamba la chini. Chaza akifunga, sumaku inakaribia, namba inapanda. Akifunguka, inaenda mbali, namba inashuka. Nyaya zinaingia kwenye bodi, bodi inatuma ujumbe kwa simu. Vyote pamoja vilinila elfu nane, tisa hivi, ukitoa betri niliyoing'oa kwenye taa mbovu ya sola.

Gundi ndiyo iliyonitesa. Ile ya haraka ya dukani ilibanduka siku ya pili, sumaku tatu zikazama kwenye tope. Dawa niliipata kwa kuhangaika: piga msasa gamba mpaka ule ukijani utoke wote, pangusa kwa spiriti, tia gundi ya kuchanganya mbili, kisha mweke chaza kivulini juu ya gunia bichi mpaka ikauke. Usimharakishe. Chaza wa mwambani amezoea kukaa nje ya maji saa kadhaa kila siku, hatakufa. Sensa zenyewe nilizipaka rangi ya kucha, mikono mitatu, nikazivika mpira wa tyubu ya baiskeli. Chumvi haijazigusa hadi leo.

Kosa langu kubwa lilikuwa mahali. Niliwaweka kwenye kichanja cha ukingoni ili iwe rahisi kuwafikia. Simu ikaanza kulia mara mbili kila siku, wiki nzima. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha bodi, nikamshuku hata mtoto wa jirani. Kumbe maji yakipwa wanabaki nje juani, na chaza aliye nje ya maji lazima afunge. Shangazi ndiye aliyetazama saa zangu nilizoandika ukutani akasema, "Mwanangu, hizi ni saa za maji kupwa." Nikawahamishia kwenye mkondo, chini ya chelezo, ambako maji hayaishi hata siku za bamvua.

Tena kuna jambo ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote. Chaza hufunga kwa msuli, lakini kufunguka hakuhitaji nguvu. Bawaba ya gamba humfungua yenyewe msuli ukilegea. Kwa hiyo chaza aliyekufa hukaa wazi kabisa, na sensa itakuambia mambo ni shwari. Chaza namba sita alinidanganya siku nne hivyo. Tangu hapo siangalii tu kama yuko wazi, naangalia kama anacheza. Aliye hai hujifinya kidogo kila mara, namba zake zinatetemeka. Mstari ukinyooka kama uzi, nenda kamtoe.

Na usimwamini mmoja. Mmoja hufunga kwa sababu kaa kampitia. Niliweka sharti: sita kati ya wanane wafunge, dakika ishirini mfululizo, ndipo ujumbe uje.

Ulikuja mwezi wa Mei, saa nane usiku: saba wamefunga. Hapakuwa na tone la mvua. Nilimwamsha shangazi, tukaingia mtumbwini na binamu zangu wawili. Giza totoro, maji mafu, yale yasiyo na nguvu ya kusukuma uchafu nje. Niliteremsha chupa iliyozibwa gunzi, nikavuta uzi wa gunzi kwenye kina cha mita moja na nusu. Maji ya juu niliyachota kwa kiganja, nikaonja na kutema: chumvi ilikuwa kwa mbali mno. Ya kwenye chupa yalikuwa chumvi ya bahari yenyewe. Maji baridi ni mepesi, hukaa juu. Tukalegeza kamba za vikapu vyote vishuke kwenye chumvi, mita moja na nusu kila moja, vidole vikichanwa na magamba.

Wanaokuja kuniuliza sasa huuliza kama chaza wakiwa wazi basi wanaliwa bila kupikwa. Hapana! Vijidudu vya choo haviwashtui. Wanaweza kuvichuja wakiwa wazi na furaha tele. Hilo ni la maabara, na kwa nyumbani ni la sufuria. Wangu wanashtukia maji baridi, tope na maji yaliyokosa hewa, basi.

Asubuhi ile maji yalianza kujaa. Kama saa mbili hivi namba tatu akafunguka, milimita mbili, akajifinya, akafunguka tena. Shangazi alikuwa ameishika simu yangu tangu alfajiri. "Huyu kaamka," akasema, akaanza kuwahesabu wengine.