Rangi za Mkaa wa Mifupa

Jumapili, usiku

Mabamba yametoka. Yako mezani, yamefutwa mafuta, na kila nikipita karakana nasimama kuyatazama tena.

Ni mabamba mawili ya chuma ya ubavuni ya L.C. Smith ya jirani yangu, bunduki ya mitutu miwili iliyoundwa Fulton, jimbo la New York, miaka ya 1890. Kwa sheria ya Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale. Mtu fulani, zamani, aliyasugua mabamba haya kwa msasa hadi yakang'aa kama kijiko kipya. Labda alidhani anasafisha kutu. Alichoondoa ni rangi zenyewe za kiwandani, na ndizo nilizozirudisha leo.

Watu wengi hudhani rangi hizi ni pambo tu. Kazi ilianza kwa sababu nyingine: chuma cha wakati ule kilikuwa laini, chenye kaboni kidogo, na kililika upesi pale sehemu zinaposuguana. Basi mafundi walikifukia ndani ya chungu cha chuma pamoja na mkaa wa mifupa na mkaa wa kuni, wakakipasha hadi kaboni ikapenya kwenye ngozi yake, kisha wakakimwaga kwenye maji baridi. Nje kikawa kigumu kiasi cha tupa kuteleza juu yake, ndani kikabaki laini, kisivunjike ovyo. Buluu, zambarau na kahawia vilikuja pamoja na ugumu huo. Ni tabaka jembamba sana la oksidi, na unene wake ndio unaoamua jicho lione rangi ipi.

Mimi napasha kwenye tanuru la umeme, nyuzi 730 za Selsiasi hivi. Nikizidisha sana, chuma hugeuka kijivu kitupu. Mabamba nayafunga kwa skrubu kwenye kipande kinene cha chuma ili yasipinde yakigusa maji. Ndani ya pipa la maji kuna mpira unaopuliza hewa, na mapovu yake ndiyo huleta mawingumawingu. Sehemu ngumu kuliko zote ni kumwaga: mdomo wa chungu lazima ukaribie maji kabisa, kwa kuwa chuma kikikutana na hewa njiani, rangi imekwenda. Navaa kinga ya uso, glavu ndefu na aproni ya ngozi, maana mvuke unaporuka hauchagui.

Dada yangu alipiga simu kutoka Tanga wakati mkaa unapoa. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha: "Yaani wachoma mifupa usiku, kaka? Umeanza uganga?" Sikuwa na jibu zuri.

Kuna wanaotafuta sura hii kwa asidi na moto wa gesi. Kwa mbali hupendeza, lakini ugumu haupo, na mimi sioni sababu ya kuiga nusu ya kazi. Wengine hutumia chumvi za sianidi, ambazo hutoa milia na zinaweza kuua. Hizo haziingii nyumbani kwangu.

Jirani alitaka nikitie motoni na kiwiliwili cha bunduki, kile kipande cha katikati kinachoshika mitutu, vyote vifanane. Nimekataa. Kwanza, hicho ndicho kinachobeba nguvu ya risasi, na moto unaweza kukipinda au kukibadilisha bila mtu kujua. Pili, nilipoutoa ubao wa mbele, ule wa kushikia chini ya mitutu, nilikuta chini yake, ambako mkono na jua havikufika, rangi za kiwandani bado zipo. Zimefifia ila ni zenyewe. Mabamba yalikuwa yamekwisha kufutwa, hapakuwa na cha kupoteza. Kiwiliwili kingali na rangi zake.

Amekubali kwa shingo upande. Bunduki itakuwa na sehemu mbili zinazong'aa na moja iliyochakaa, na akija mnunuzi, nimemwomba amwambie wazi kipi ni kipya.

Kesho vanishi nyembamba, tabaka moja. Nyundo za bunduki bado zinahitaji kung'arishwa kabla ya zamu yao, na mkaa wa mifupa umebaki nusu kopo.