Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena Nebraska, Marekani

Wadau, leo nina hasira. Nimetoa dola 280 kwa mashine ya kuondolea theluji, mtumba, ubavuni ina jina kubwa ambalo hata mtoto analijua. Usiku theluji ikashuka. Alfajiri nawahi zamu, navuta kamba mara ishirini, kimya. Nikabandua stika: chini yake kuna jina jingine kabisa. Aliyeniuzia hapokei simu. Dola 280! Kwa bei ya soko la Kibaigwa wakati wa mavuno ni magunia mangapi ya mahindi, pigeni hesabu wenyewe, mie sitaki kujua.

Na mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wanaopigwa Kariakoo. Nilidhani feki zinaishia uwanja wa ndege.

Jirani yangu, mzee mkulima mstaafu ambaye miaka miwili salamu yake kwangu ni kunyanyua kidole kimoja kwenye usukani, akanikuta nimeshika ile stika. Akacheka mpaka akanikera. Kisha akaenda kuleta koleo, tukasafisha wote njia ya gari, huku akinipa habari ya trekta la Ford lisilo la Ford.

Enzi za vita vya kwanza vya dunia, wakulima wengi wa Marekani walikuwa wanasubiri Henry Ford, yule mwenye kiwanda cha magari, atoe trekta. Mjanja mmoja wa mji wa Minneapolis, W. Baer Ewing, akaona fursa. Akamtafuta kijana anayeitwa Paul Ford, akamwingiza kwenye kampuni, basi: Ford Tractor Company, kisheria kabisa. Kijana mwenyewe hana undugu wowote na Henry. Wapo wakulima walionunua. Henry mwenyewe alipoanza kuuza lake mwaka 1917, liliitwa Fordson; jina la Ford kwenye matrekta lilishakaliwa.

Sasa hapa Nebraska, kaunti ya Polk, alikuwepo mkulima Wilmot Crozier. Akanunua lile la Minneapolis, likamfia shambani. Akadai jingine, nalo halikuwa na afadhali. Akahamia trekta aina ya Bull, ni yale yale. La mwisho, Rumely, ndilo likamshangaza: lilivuta kuliko hata ilivyotangazwa. Jamaa akajiuliza, kwa nini mtu asijue kabla ya kutoa hela?

Kwetu angeishia kulalamika kijiweni, kama kaka yangu na ile power tilla yake, trekta dogo la mkono la enzi za kampeni ya Kilimo Kwanza, ambayo leo kuku wanataga humo. Crozier aliingia bunge la jimbo. Mwaka 1919 yeye na seneta Charles Warner wakapitisha sheria: hakuna kuuza trekta jipya Nebraska mpaka chuo kikuu kilipime na kutangaza nguvu yake halisi, na kampuni iwe na spea humu humu jimboni. Hicho cha spea ndicho kilichonigusa. Anayejua kusubiri bomba la injini kutoka Dar huku mvua za kupandia zinapita atanielewa.

La kwanza kupimwa lilikuwa Waterloo Boy, mwaka 1920, hapa hapa mjini kwetu Lincoln. Upimaji unaendelea mpaka leo, na kiwanja chenyewe napita karibu nacho kila siku nikienda kubeba boksi. Sikuwahi kujua ni cha nini.

Mnaojiandaa kuja: baridi ya kwanza usinunue chochote chenye injini bila kuiwasha mbele ya muuzaji, na ikiwa bado ya moto ulipofika, jiulize kwa nini ameipasha. Usilipe taslimu bila karatasi. Mswahili mwenzako akikwambia "huyo namfahamu," muulize anamfahamu tangu lini. Mimi wangu alimfahamu tangu Jumanne.

Nilimuuliza mzee kama ile sheria inahusu na mashine za theluji. Akasema hapana, matrekta tu. Koleo ameniachia mpaka Machi.