Nduli, eapoti ya zamani, Songwe: nimezunguka viwanja vya ndege vya huku nyanda za juu

Mi nina ugonjwa wangu mmoja, napenda viwanja vidogo vya ndege. Vile vikubwa vya Dar na Nairobi havinipi raha, huko ni foleni tu na maduka ya bei za ajabu, ila kiwanja kidogo ambacho mlinzi, mpokea mizigo na muuza chai wanajuana kwa majina, aisee pale nakaa siku nzima sichoki. Sasa kulikuwa na sendofu ya binamu Mbeya, mi niko Iringa, nikasema basi badala ya kwenda moja kwa moja naanza na Nduli, halafu nikifika Mbeya naenda kuiona eapoti ya zamani, halafu kuondoka naondokea Songwe kwa ndege maana Dar nilikuwa na shughuli.

Nduli iko upande wa barabara ya Dodoma, kama kilomita 12 hivi toka Iringa mjini. Mnaoijua Iringa mnajua mji wenyewe umekaa juu ya mgongo wa mlima, sehemu tambarare ya kutosha ndege kukimbia hamna, ndo maana kiwanja kikapelekwa huko Nduli kwenye uwanda. Nilifika asubuhi kuna baridi ile ya kukunja mikono kwapani. Getini nikamsalimia mzee mlinzi "kamwene baba", akafurahi, tukapiga stori, lakini kuingia ndani akakataa kabisa, "mwanangu hapa ni eneo la usalama, chungulia hapohapo kwenye fensi". Nikachungulia.

Kwa waliokiona zamani, kile kiwanja kimebadilika sana. Miaka yote kilikuwa cha ndege ndogo, zile Caravan za watu kumi na kitu, watalii wa Ruaha na watu wa maofisi. Sasa kimetanuliwa kwenye mradi wenye mkono wa Benki ya Dunia, njia ya kurukia imerefushwa ikafika kama kilomita 2.1, lengo likiwa ndege kama Q400 za Air Tanzania zinazobeba watu 76 ziweze kutua bila wasiwasi. Nikamsikia kijana mmoja wa bodaboda pale nje anauliza kwanini wasiache urefu uleule, mbona ndege zilikuwa zinatua. Swali zuri na jibu lake ndo linabeba hadithi yote ya viwanja vya huku kwetu. Nduli iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar, bawa linapata cha kushika kidogo na injini nayo inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ndege ileile yenye mzigo uleule inabidi ikimbie umbali mrefu zaidi ndo inyanyuke. Na jua likiwaka saa saba mchana hewa inazidi kuwa nyepesi, unakuta rubani anaanza kuhesabu kilo. Sisi wa nyanda za juu tunajisifia baridi kumbe nayo inawasaidia marubani, asubuhi ya ubaridi ndege inanyanyuka vizuri zaidi.

Basi la kwenda Mbeya sitalielezea sana, mnalijua. Mafinga mahindi ya kuchoma dirishani, misitu ya Sao Hill inaenda haiishi, Makambako upepo, Igawa, Chimala harufu ya mpunga, dreva anabishana na malori kuanzia hapo mpaka Uyole. Kitu kimoja tu, ukipita Mafinga kumbuka kwamba kule Mufindi ndani kwenye chai kuna viwanja vya nyasi vya makampuni, na kule Ruaha hifadhini kuna Msembe, ndege zinatua vumbi linatimka na twiga wanaangalia. Nchi hii ina viwanja vingi kuliko tunavyodhani, ni vile tu hatuvipandii.

Kesho yake asubuhi Mbeya nikaenda eapoti ya zamani. Hii kwa wasioijua iko ndani ya mji kabisa, yani mitaa imeizunguka, unatoka Mafiati au Mwanjelwa kwa bajaji dakika chache uko pale. Ndege za abiria ziliacha kuitumia mwishoni mwa 2012 Songwe ilipofunguliwa. Leo ni uwanda mkubwa, watu wanakatisha na baiskeli, watoto wanacheza mpira, watu wanajifunza kuendesha gari, na msimu wa kampeni unajaa watu mpaka huoni ardhi maana mikutano mikubwa ya Mbeya hufanyikia palepale. Ukisimama katikati ukaangalia kaskazini unaona Loleza imesimama juu ya mji, mita 2,656, na nyuma yake Mbeya Peak. Hapo hapo unaelewa kwanini ilibidi kuhama. Milima upande mmoja, nyumba za watu pande zilizobaki, mji uko mita 1,700 hivi juu, na njia ya kurukia ilikuwa fupi. Kwa ndege kubwa ilikuwa haiwezekani na pa kuirefushia hapakuwepo labda ubomoe mitaa.

Nikakaa kwenye kibaraza cha duka moja nanunua maji, mzee wa pale akanisikia nauliza maswali. Shikamoo, marahaba, ugonile, akacheka kuona mtu wa Iringa anajitahidi Kinyakyusa. Akaniambia zamani ndege ikikaribia anatumwa mtu kufukuza mbuzi na watoto kwenye njia, halafu watoto wanakimbilia pembeni kupunga mikono, yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa hao watoto. "Ilikuwa eapoti yetu", akasema hivyo zaidi ya mara moja, yetu yetu.

Sasa hapa ndo nataka nikae kidogo maana watu wengi wa Mbeya wenyewe hawajui. Hiki kijimji kilichozaliwa miaka ya 1920 mwishoni kwa ajili ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, kiliwahi kuwa kituo kwenye njia kubwa ya ndege ya dunia. Januari 1932 shirika la Waingereza la Imperial Airways lilianza kupeleka barua London mpaka Cape Town, Aprili mwaka huohuo abiria nao wakaanza kukubaliwa safari nzima. Njia yenyewe ilikuwa vituko, unapanda ndege, unashuka unapanda treni kukatisha Ulaya, unapanda tena ndege, toka Khartoum mpaka Kisumu unapanda ndege ya kutua majini, halafu kuanzia hapo kuja huku unahamia ndege ya nchi kavu: Nairobi, Moshi, Dodoma, MBEYA, halafu Mpika, Broken Hill ambayo leo ni Kabwe ya Zambia (sio Kabwe yetu ya daladala hapa Mbeya), Salisbury ambayo leo ni Harare, mpaka Cape Town. Siku kumi na moja hivi njiani. Ndege za kipande hiki mwanzoni zilikuwa de Havilland Hercules, mabawa mawili juu na chini, injini 3, abiria 7 na magunia ya barua, spidi yake basi zuri la leo likiwa na dreva mkorofi linaweza kuisogelea.

Na kwanini walitua Mbeya? Sio kwamba walitupenda. Zile ndege hazikuwa na uwezo wa kwenda mbali, usiku hazikuruka, kwa hiyo kila kilomita mia kadhaa lazima pawe na kiwanja, mafuta, chakula na kitanda. Mbeya ilikaa panapotakiwa, basi. Ushahidi ni kilichotokea 1937, yalipokuja maboti makubwa ya kuruka, yani ndege za kutua majini, njia ikahamishiwa pwani, ikawa Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kushuka Msumbiji mpaka Durban, na Mbeya ikatupwa nje ya njia kuu kimyakimya. Mji haukufanya kosa lolote. Ndege ndo zilibadilika. Halafu baada ya vita ikaja East African Airways 1946, ikavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Air Tanzania ikazaliwa 1977, na muda wote huo mji unakua unakisogelea kiwanja mpaka ukakikumbatia, huku ndege zinazidi kuwa kubwa. Mara ya kwanza Mbeya iliachwa kwasababu ndege mpya zilihitaji maji, mara ya pili kiwanja kikaachwa kwasababu ndege mpya zilihitaji lami ndefu. Mi naona ndo hivyo, ndege inaamua, mji unafuata nyuma unahema.

Nikarudi kwenye lile neno la mzee, yetu. Nina jamaa yangu yuko Marekani, huko viwanja vidogo vingi ni mali ya mji au kaunti, halmashauri ya mji wao ndo inapanga nani akodi banda la ndege na nyasi zikatwe lini, na wananchi wakiwa na hasira wanaenda kikaoni kulalamika kuhusu kelele. Huku kwetu hapana, viwanja vya serikali viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, toka 1999, na ruhusa na ukaguzi wa usalama ni kazi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kwa hiyo kiwanja kilikaa kitovuni mwa jiji (Mbeya ni jiji toka 2005) lakini jiji halikuwa na usemi wa maana juu yake. Sisemi mfumo wa huko ni bora, halmashauri zetu nazijua, taka tu za sokoni zinawashinda. Ila lile eneo la wazi mi naomba lisikatwe viwanja vya kuuziana, Mbeya haina sehemu nyingine tambarare na wazi namna ile, wakilimega leo hawalipati tena.

Siku ya kuondoka nikaelekea Songwe. Ni magharibi mwa mji, unapita Iyunga stesheni ya TAZARA, Mbalizi, Ifisi, ndo unakunja. Ile barabara ya njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, ndo dawa ya hii safari, maana bila hiyo malori ya Tunduma ndo yanaamua wewe unawahi au huwahi. Ushauri wangu ukitoka mjini ondoka mapema kupita kiasi, Mbalizi haitabiriki. Na wageni wanachanganya sana, uwanja unaitwa Songwe ila uko mkoa wa Mbeya, sio mkoa wa Songwe ambao makao makuu yake ni Vwawa na ulizaliwa 2016 tu, uwanja ulishakuwepo. Kuna watu wamekatiwa tiketi wakadhani wanashukia Vwawa hahaha.

Njia ya kurukia ya Songwe ni mita 3,330 kwa upana wa 45. Ukiilinganisha na ile ya mjini unacheka. Imekaa bondeni, kama mita 1,340 juu ya bahari, yani umeshuka karibu mita 350 toka mjini, na hilo peke yake ni zawadi kwa rubani. Airbus A220 inatua vizuri kabisa, Q400 nazo zinakuja. Kuna mnara wa kuongozea ndege, kituo cha zimamoto chenye magari yake (ukubwa wa zimamoto unapangwa kwa urefu na unene wa ndege zinazotua, ndege ikikua na zimamoto lazima ikue), jengo la abiria, parking, na vibanda vya nje ambavyo chai yake mi naipenda kuliko ya ndani.

Adui wa Songwe ni ukungu. Bonde likipoa usiku na ardhi ikiwa na unyevu, alfajiri linajaa weupe mtupu, huoni hata gari lililo mbele. Kwa miaka ndege za asubuhi zilikuwa zinafika juu zinazunguka zinarudi Dar na watu wake, na bila taa kwenye njia ya kurukia hata jioni ikawa shida, giza likiingia biashara imefungwa. Hicho kilikuwa kilio kikubwa cha wabunge na wafanyabiashara wa huku. Siku hizi taa zipo, usiku inawezekana, lakini taa haziondoi ukungu, rubani asipoona njia kwa umbali unaotakiwa anaondoka zake na yuko sahihi. Siku hiyo yangu ulikuwepo, tukakaa mpaka jua lilipoutafuna, hakuna aliyelalamika sana, wenyeji wamezoea, wanaangalia tu dirishani kama wanasubiri maharage yaive. Ukikata tiketi msimu wa mvua chukua ndege ya mchana, nimemaliza.

Na ule mpango wa kusafirisha mboga na maua moja kwa moja nje kutokea hapa, tumeusikia tangu uwanja unajengwa. Parachichi za Rungwe na Njombe bado zinapanda makontena ya baridi zinashuka na barabara mpaka bandarini. Kwa parachichi sawa, meli inatosha, ila maua na mboga haziwezi kusubiri meli.

Kinachosafiri kweli kwa ndege pale ni mchele wa Kyela. Kaunta nzima ilikuwa mchele. Mizani inasoma 31, mwisho 23, mtu anapiga magoti anafungua kiroba mbele za watu anahamishia kwenye mkoba wa mkononi, kwenye mfuko wa koti, mmoja nilimuona anamjazia mtoto begi la shule. Mama mmoja nyuma yangu akaona kabegi kangu kepesi akanifuata, "mwanangu nishikie hizi kilo kumi, Dar nitazichukua mlangoni". Nikamwambia mama samahani, mzigo wa mtu mwingine siruhusiwi kuubeba, si umesikia wametangaza. Akaniangalia juu mpaka chini. "Kwani mchele unalipuka?" Foleni nzima ikacheka, mpaka dada wa kaunta. Akanisonya msonyo mrefu, akamgeukia kijana aliyefuata, na yule kijana akabeba.