Mtepe wa dhiraa tatu: nimefika jozi ya tano

Jumamosi, 24 Mei 2025. Leo nimefunga fundo la mwisho la jozi ya tano ya mbao za mtepe wangu, mfano mdogo wa chombo cha kale cha kushonwa, na chombo kimeanza kuonyesha tumbo. Kimekaa juu ya meza ya ukumbini, hapa Kibokoni, na mke wangu hajasema kiondolewe.

Kwa asiyejua nilikoanzia: nilikuwa karani wa shehena bandarini Kilindini kwa miaka 34, nikastaafu mwaka jana nilipotimiza miaka 60. Miezi mitatu ya mwanzo niliamka saa kumi alfajiri kama mtu wa zamu, nikaoga, nikavaa shati la kazi, kisha nikakaa barazani nikitazama wenzangu wakipita. Simu ambayo haikuwa ikilala ikanyamaza. Jirani akipita huniuliza, "Leo huendi?" Nikawa nikimwona kwa mbali naingia ndani. Niliona haya kwa kukosa pa kwenda, na haya zile zilinielemea kuliko upungufu wa mshahara.

Mtepe ulitokana na swali la mjukuu wangu. "Babu, kabla ya misumari vyombo vilishikana vipi?" Nikamwambia vilishonwa. Akasema nishone basi, aone.

Mtepe hauna msumari hata mmoja. Mbao hutobolewa ukingoni, zikashonwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, halafu mashimo yakazibwa kwa vijiti. Tanga lake ni jamvi la mraba, si la pembetatu kama la jahazi. Omo, sehemu yake ya mbele, imeinuka kama shingo, na wazee husimulia kuwa ni shingo ya ngamia wa Mtume (S.A.W.). Wabajuni ndio waliokuwa mabingwa wake. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, ameandika kuhusu vyombo vya kushonwa vya Bahari ya Hindi: vikigonga mwamba hunepa, ilhali vya misumari huvunjika. Nilidhani ni maneno ya msafiri mpaka nilipobonyeza ubavu wa chombo changu kwa kiganja. Ukaingia kidogo, ukarudi.

Februari yote niliimaliza kwa kamba tu. Nilikwenda kwa fundi wangu, mzee wa Kibajuni mwenyeji wa Faza, na kamba niliyonunua dukani. Akaivuta mara moja, akanirudishia bila neno. Akanipa usumba wa makumbi aliyoyafukia matopeni tangu mwaka jana. Harufu yake ilijaa nyumba nzima. Unachukua nyuzi chache, unazilaza pajani, unasokota kwa kiganja kwenda mbele, na kabla hazijaisha unaongeza nyingine ili kiungo kisionekane. Paja langu liliwaka wiki mbili. Siku nilipopata pima tatu zisizo na kinundu, fundi aliipitisha kamba katikati ya vidole, pole pole, toka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Hii itakaa." Kazini niliwahi kusifiwa mara nyingi, lakini siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu ili nipate muda wa kulifikiria neno lile.

Machi, ndani ya Ramadhani, niliharibu. Baada ya tarawehe nilitoboa mashimo ya mbao nzima kwa keekee, yote yakafuata uzi mmoja wa mti. Nilipokaza kamba, mbao ikapasuka toka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Fundi akaniambia, "Yapishanishe, karani. Ukiyapanga safu moja umeuonyesha mti pa kupasukia."

Aliniita karani, na sikuumia. Wakati nastaafu niliona lazima nimzike yule karani ndipo niwe mtu mwingine. Kumbe ndiye anayeshona. Kila shimo nimeliandika daftarini kwa mtindo ule ule wa bandarini, vistari vinne na cha tano kikivuka juu yake: mashimo 640 mpaka leo, na 23 niliyoyarudia. Kule nilihesabu makontena ya watu nisiowajua. Haya ni mashimo yangu, kila moja nalikumbuka.

Mke wangu ameanza kusuka ukili, ule ukanda wa majani ya miyaa, wa tanga. Alikuwa ameacha kusuka tangu watoto wakiwa wadogo. Jioni tunakaa ukumbini, yeye na miyaa yake, mimi na kamba zangu, na tunazungumza kuliko tulivyozungumza miaka yangu yote ya zamu za usiku. Yule jirani naye siku hizi huingia, akauliza nimefika mbao ya ngapi.

Kinachofuata ni mataruma, mbao za ndani zilizo kama mbavu za chombo. Upepo wa kusi umeshika na mvua haijakatika, kwa hiyo mti umevimba. Nitasubiri ukauke kabla ya kupima, wiki moja au mbili. Usumba umenibakia konzi mbili tu. Kesho asubuhi naenda kwa fundi, na mjukuu ameomba tufuatane.