Mfumo ukilala nahesabiwa mimi

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, ofisini kwetu serikalini benchi limejaa mpaka mlangoni na mfumo wa kompyuta umegoma. Bora ungezima kabisa, ukizima kabisa unabandika karatasi mlangoni watu wanajua moja, ila huu unafunguka vizuri tu, unakuomba neno la siri, halafu kile kiduara kinaanza kuzunguka, kinazunguka weee, ukija kushtuka umeshatolewa nje uanze upya. Kijana wetu wa TEHAMA ni mmoja ofisi nzima na siku hiyo alikuwa Dodoma kwenye mafunzo ya mfumo mwingine. Sitanii.

Mbele yangu kakaa mzee mmoja na bahasha yake ya kaki kaikunja mara mbili, katoka kijijini na basi la alfajiri, anachotaka ni control number tu, ile namba ya kulipia serikalini, akalipie aondoke. Hizi namba wote mnazijua, tangu malipo ya serikali yahamie GePG, mfumo wa kulipia kwa mtandao, hatupokei hela mkononi na mi nalisifia kabisa hilo, enzi za vitabu vya risiti tunajua hela zilivyokuwa zinaishia njiani. Ila bila namba mzee halipi na asipolipa mi siwezi kugusa faili lake. "Mwanangu si uniandikie tu kwa mkono?" Nikamwambia mzee wangu hii namba haitoki kwangu, inatoka kwenye mfumo. Akaniangalia kama vile namfanyia makusudi. Nyuma yake mama mmoja akasema kwa sauti kila mtu asikie, "wanachati tu hao humo ndani."

Basi nikafungua daftari nikaanza kuandika majina na namba za simu, nani anataka nini, nikawaambia wa mbali waende nyumbani nitawatumia meseji. Walifika 23. Saa tatu kasoro usiku grupu la kazini likalia, "mfumo umerudi wadau", nikaacha chakula nikawasha laptop kwa bando langu mwenyewe nikatuma mpaka saa tano, wa 19 bando likakata. Mke wangu hakusema kitu, alifunika sahani tu akaenda kulala, na hapo ndo unajua umekosea.

Sasa njoo Ijumaa, siku ya kujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa sisi watumishi wa umma. Wazee wa kazi mnaikumbuka OPRAS iliyoanza 2004, upimaji wa zamani, yale mafomu ya karatasi, Juni ikikaribia kila mtu anatafuta fomu ya mwenzake akopi malengo, bosi anasaini rundo zima bila kusoma, faili linafungwa tukutane mwakani. Ule ulikuwa usanii tuseme ukweli. Huu wa sasa ulikuja mwaka wa fedha 2023/24, unaingia na akaunti yako ya ESS, ile ya mtumishi kujihudumia mtandaoni, unaweka majukumu yako na kazi ndogo ndogo chini yake, bosi anaidhinisha, halafu unajaza ulichofanya kadiri unavyokwenda, na wavivu kwetu walishtuka kweli kweli, kuna mtu nilimuona yuko mezani saa moja na nusu asubuhi kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kwa hiyo siuchukii mimi. Ila jukumu langu limeandikwa kuhudumia wateja 40 kwa siku, na Jumatatu ile kaunta ilisoma 11. Hao wa usiku wamehesabiwa Jumanne, na yale masaa ya kusimama naomba radhi, kutukanwa, kumtafutia mzee maji ya kunywa, sikuwahi kuyaandika kama jukumu, nani angefikiria?

Bosi akaniita, akauliza hii 11 imekaaje. Nikamuonyesha daftari. Akalipekua taratibu ukurasa kwa ukurasa, akasema "kazi umefanya naiona, ila mi daftari nalipeleka wapi?" Na yeye simlaumu, naye ana mtu juu yake anamuuliza asilimia.

Usiku wa Jumapili sasa nimeanza kuota kile kiduara. Kichwa kinaniuma kabla sijafika kazini, pale kwenye daladala tu.

Kwenye majukumu ya mwaka mpya wa fedha nimeongeza moja, "kuhudumia wateja mfumo ukiwa chini". Nimemtumia bosi juzi. Kaisoma, kacheka, halafu kaniuliza niandike wangapi kwa siku.