Wiki Ambayo Wastani Uliporomoka

Mradi wa SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotumia kompyuta za watu wa kujitolea kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali, uliacha kugawa kazi mpya tarehe 31 Machi 2020. Kompyuta za maabara yetu Morogoro zilikuwa zikikesha na BOINC, programu inayopokea na kuendesha kazi za miradi ya namna hiyo, maana chuo kilifungwa kwa ajili ya korona. Zilipomaliza kazi zilizobaki tukazihamishia Einstein@Home, mradi mwingine wa aina hiyo. Baada ya wiki kijana wa zamu akanipigia: “Mkuu, jina letu halionekani hata kwenye kurasa za mbele za orodha ya alama. Mashine zimechoka?”

Nikamwambia aendeshe upya kipimo cha kasi kiitwacho Whetstone. Jibu lilikuwa lilelile la zamani: karibu gigaflopu 3 kwa kila kiini cha prosesa, yaani hesabu bilioni 3 za desimali kwa sekunde. Kasi ilikuwepo. Kilichoanguka ni wastani wa karibuni wa alama ambazo mradi hutoa kwa kazi iliyokamilika, wastani ambao hupungua kwa nusu kila wiki alama zisipoingia. Kwenye mradi mpya nako hupanda taratibu vivyo hivyo: kwa kasi isiyobadilika, wiki ya kwanza unafika nusu ya kiwango chako, ya pili robo tatu, ya nne kama asilimia 94.

Halafu alama zenyewe huchelewa. Seva ya mradi husubiri jibu la kompyuta ya mtu mwingine lilingane na lako, na huyo ana siku 14 za kulirudisha. Ukipangwa na mtu anayewasha mashine Jumapili tu, utasubiri.

“Na ile jumla ya alama?” akauliza. Jumla haishuki, ndiyo maana haipimi kasi. Kompyuta kuukuu iliyowaka miaka kumi inaweza kukaa juu ya prosesa iliyonunuliwa jana.

Tukapiga hesabu kwa simu. Kwa kanuni ya BOINC, gigaflopu moja ikifanya kazi siku nzima hupata alama 200. Kwa hiyo mashine ya viini 4, gigaflopu 3 kila kimoja, ingestahili 2,400 kwa siku. Ingestahili, nasema, kwa sababu kila mradi hujipangia malipo yake, na umeme ukikatika unapoteza hesabu zote zilizofanyika tangu programu ilipohifadhi mara ya mwisho. Kulinganisha alama za miradi miwili ili kujua nani ana kasi ni kazi bure.

Jioni ile alibadilisha mpangilio mmoja tu: akiba ya kazi zinazosubiri zamu kwenye mashine akaishusha hadi nusu siku, ili majibu yarudi mapema.