Chakachua: kutoka kwenye dizeli mpaka kwenye laptopu yako

Kama ulikuwa na masikio Tanzania hii mwaka 2010 huhitaji kuelezwa chakachua ni nini. Ila wadogo zetu waliokuwa chekechea kipindi kile wengi wao wanalijua hili neno kwenye mambo ya kompyuta tu, ukiwaambia lilivuma kwenye mafuta wanakutolea macho, kwa hiyo leo acha niliongelee hili neno moja, maana kuna kitu ndani yake kinanichekesha na kunikera kwa pamoja.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo sana kwa sababu ndo mafuta ya mnyonge, ya koroboi na jiko la mchina, huku petroli na dizeli zimebeba kodi za kufa mtu, sasa mjanja mmoja akiangalia ile tofauti anaona hela imelala pale haina mwenyewe. Anachukua mafuta ya taa anayamwaga kwenye dizeli, anauza mzigo wote kwa bei ya dizeli. Na kulikuwa na njia ya pili, mafuta ambayo kwenye makaratasi yanaenda Zambia au Congo, hayajalipiwa kodi ya hapa, halafu yanashushwa njiani yanaingia kwenye matanki ya vituo vyetu kimyakimya. Dizeli iliyochanganywa na taa inapungukiwa ule ulainishaji unaolinda pampu na nozo, petroli nayo ikichanganywa injini inaanza kugonga na kutoa moshi, na wewe mwenye gari hujui lolote, umeona tu namba zinazunguka kwenye pampu ukalipa ukaondoka, fundi gereji anakusubiri.

EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wakaja na vinasaba mwaka huohuo wa 2010. Ni kemikali inayowekwa kwa kiasi maalumu kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ya hapa nchini kabla hayajatoka ghalani, mkaguzi akija kituoni anachota sampuli anapima, vinasaba vikiwa pungufu basi kuna kitu kimeongezwa. Mwaka uliofuata bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita mpaka 400 na ushee, ili bei zikaribiane mchanganyaji akose cha kufuata. Kwa hesabu za makaratasi ni sawa kabisa. Ila aliyelipia ni bibi mwenye koroboi ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, na hapo mimi bado nina kinyongo.

Turudi 2010, ukaja uchaguzi wa Oktoba 31, na hapo neno likapanda jukwaani. Kikwete akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 60, Dk. Slaa, mgombea wa chama cha upinzani cha Chadema, akagoma kuyatambua matokeo, Novemba wabunge wa Chadema wakatoka nje ya ukumbi kule Dodoma rais alipokuja kuhutubia, na mtaani kila mtu akawa na kauli moja tu, kura zimechakachuliwa. Siingii kwenye nani alikuwa mkweli, hiyo vita ina wenyewe. Ninachotaka uone ni jinsi neno la kituo cha mafuta lilivyohamia kwenye sanduku la kura bila kubadilisha hata herufi, na kila mtu akaelewa palepale, hata ambaye hajawahi kujaza tanki. Baada ya hapo likawa halina mpaka, maziwa yanachakachuliwa kwa maji, asali inachakachuliwa kwa sukari, mtu akileta habari za mpira kwenye mjadala wa katiba anaambiwa asichakachue mada, na mke wa mtu naye akichepuka mnasema kachakachuliwa (hapo mimi napita haraka, mama anasomaga huku).

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi wanalichanganya. Chakachua na feki si kitu kimoja. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu Juni 17 hakuna aliyesema simu zilizochakachuliwa, tulisema simu feki. Mwaka 2017 Magufuli alipopokea orodha ya watumishi wa umma 9,932, navyo vilikuwa vyeti feki. Kwa sababu feki ni kitu ambacho hakikuwa halali tangu kinazaliwa. Cha kuchakachua kilianza kikiwa halali, kimetoka kwa mwenyewe kizima kabisa, halafu katikati ya safari kuna mkono umeingia, nje kimebaki vilevile ila ndani si kile tena. Ukilishika hili ndo utaelewa kwa nini watu wa kompyuta walilidaka neno haraka hivi.

Walianza na modemu. Zile za Huawei zinazochomekwa kwenye yuesibii, zilizokuwa zinauzwa na kampuni za simu zikiwa zimefungwa, yaani umenunua kwa hela yako lakini ukiweka laini ya mtandao mwingine inakudai kodi, na namaanisha namba ya kufungulia, siyo ya TRA. Watu walikuwa wanaandika IMEI zao, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, hadharani kwenye majukwaa, "wakuu naombeni mnichakachulie hii", na baada ya dakika kadhaa jamaa asiyejulikana anajibu na namba, kwa sababu kwa modemu za zamani ile namba ilikuwa inakokotolewa kutoka kwenye IMEI yenyewe, ukiwa na kijiprogramu chake unaipata papo hapo. Ila ukikosea mara 10 ndo basi tena, inajifunga na haikubali namba yoyote. Kwa maoni yangu hapa neno lilionewa. Modemu ni yangu, nimelipia, hakuna mteja aliyeuziwa kitu tofauti na alichodhani, mchakachuaji hapa alikuwa anafungua tu. Kubadilisha IMEI ni habari nyingine, hiyo sheria ya mawasiliano ya 2010 inaitaja kama kosa na sikushauri hata kwa utani.

Kutoka modemu mpaka programu ilikuwa hatua moja. Windows ya kuchakachua, Office ya kuchakachua, Photoshop ya kuchakachua, antivairasi ya kuchakachua (hii ya mwisho huwa nacheka mwenyewe, mtu anaiba mlinzi). Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, ndo iliyozaa COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki hapa nchini, na programu za kompyuta zimo humo, lakini nenda ukakabidhi laptopu kwa fundi aiweke upya uone kama atakuuliza una leseni. Na ndo hapa kinapokuja kile kinachonichekesha na kunikera. Kwenye mafuta mchakachuaji ni mwizi, kwenye kura ni adui wa taifa, kwenye kompyuta ghafla amekuwa fundi, tena tunamsifia, "huyu jamaa ni mkali anachakachua kila kitu". Neno lilelile, limeingia kwenye laptopu likavuliwa aibu yote.

Ukiwauliza hao wanaomsifia wanakuambia kwenye mafuta mnunuzi anadanganywa, kwenye programu mnunuzi anajua. Hoja nzuri, na kwa muda mrefu hata mimi niliikubali. Lakini hebu angalia kazi yenyewe inavyofanyika. Programu halali inapowaka inauliza, huyu amelipia? Mchakachuaji anafungua faili, anatafuta sehemu inayouliza hilo swali, anaibadilisha ili jibu liwe ndiyo siku zote, anakurudishia faili. Ni nani huyo, humjui. Kabadilisha pale tu au kaongeza na lake, hujui. Maelekezo aliyokuwekea yanasema zima antivairasi kwanza, ndipo ufungue, ukiona onyo lolote puuza, na wewe unatii, unampa ruhusa ya kuingia mpaka chumbani, mtu ambaye hata jina lake ni namba na herufi kubwa. Kwa hiyo unachojua wewe ni kwamba hujalipa. Kilichomo ndani ya tanki hukijui, sawasawa na yule mwenye gari.

Na wengine madhara yanakuja bila mchakachuaji kuongeza kitu. Wenye Windows za namna hii wengi wanazima apdeti, wanaogopa Microsoft atawashtukia kioo kiwe cheusi na yale maandishi ya kona ya kulia kwamba nakala yako si halali. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja baya sana, na Mei 12 mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lilelile kikafunga mafaili ya watu dunia nzima kikidai malipo ya bitcoin. Miezi miwili dawa ilikuwepo, aliyezima apdeti hakuipata. Haki itendeke, walioumia hawakuwa wa kuchakachua peke yao, kuna taasisi kubwa zenye leseni safi nazo zilikuwa zimechelewa tu kuweka apdeti.

Kwenye simu siku hizi ni GBWhatsApp, yaani WhatsApp iliyochakachuliwa, na ndugu zake, kisa tu mtu anataka kuona meseji iliyofutwa. Meseji zako zote, za kazini na za chumbani, zinapita kwenye programu iliyoshikwa na mtu usiyemjua, na WhatsApp wenyewe wakikubaini wanakufungia akaunti.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba programu nazo zina vinasaba vyake. Kampuni nyingi kubwa zinapotoa programu zinaiwekea saini ya kidijitali, na mtu akigusa faili hata kidogo saini inaacha kukubali. Kwenye Windows bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia kwenye sifa za faili, tafuta kichupo cha saini za kidijitali. Kama mtengenezaji ni kampuni kubwa na hicho kichupo hakipo kabisa, au kipo lakini saini inasema si halali, kuna uwezekano mkono umepita hapo. Jaribu leo kwenye ile Photoshop uliyowekewa na fundi, uniambie umekuta nini. Na kama shida yako ni kuandika barua na kupiga hesabu tu, LibreOffice ni ya bure na halali kabisa, Microsoft wenyewe wana Office ya bure ya kwenye brauza, na kwa picha ipo GIMP, ambayo nakiri mpangilio wake utakutukanisha wiki ya kwanza.